Kuhama kutoka Windows kwenda Linux

Kuhama kutoka Windows kwenda Linux ni mchakato wa kuacha hatua kwa hatua kutumia mfumo wa uendeshaji wa Windows, unaomilikiwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, na kuanza kutumia mifumo huria iliyojengwa juu ya kiini cha Linux. Anayehama anaweza kuwa mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato ya zamani, shule yenye chumba cha kompyuta, au taasisi yenye maelfu ya wafanyakazi.

Jambo hili lilipata uzito mpya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018, zikiwemo zile za mitumba ambazo ni za kawaida katika shule na ofisi ndogo za Tanzania, hazitimizi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta ya aina hiyo ana njia nne: kununua nyingine, kujiandikisha kwa masasisho ya muda mfupi, kuendelea kuitumia bila kinga mpya, au kuhamia mfumo mwingine.

Katika Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, shule kadhaa za sekondari zilianza kutumia Linux miaka mingi kabla ya hapo. Zilichosukumwa nacho zaidi kilikuwa upungufu wa umeme.

## Maana ya istilahi

*Mfumo wa uendeshaji* ni programu kuu inayosimamia kompyuta: huwasha vifaa, hutunza mafaili na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows, macOS na Linux ni mifano.

*Programu huria* ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa kwa wengine. *Programu miliki* ni kinyume chake: msimbo umefichwa, na mtumiaji anaruhusiwa kuitumia kwa masharti ya mmiliki tu.

Huria si sawa na bure. Programu nyingi huria hupatikana bila malipo, lakini kuna programu za bure zisizo huria, na kuna kampuni zinazouza huduma za programu huria. Jambo la msingi ni haki anazopewa mtumiaji.

*Linux* kwa maana finyu ni kiini tu cha mfumo. Kiini kikiunganishwa na programu nyingine hupatikana mfumo kamili uitwao *usambazaji wa Linux*. Mifano inayojulikana ni Debian, Ubuntu, Linux Mint na Fedora. Simu za Android nazo hutumia kiini cha Linux. Kwa hiyo mtu anayesema hajawahi kugusa Linux huenda anayo mfukoni.

## Historia

### Mwanzo

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliolenga kutengeneza mfumo mzima wa uendeshaji ulio huru. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anatengeneza kiini chake mwenyewe. Mwaka uliofuata kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GPL ya mradi wa GNU, na sehemu hizo mbili zikakamilishana.

Kwa miaka mingi Linux ilibaki zaidi kwenye kompyuta za seva, yaani zile zinazohudumia kompyuta nyingine. Seva za Wikipedia zenyewe huendeshwa kwa Linux. Ili mtu wa kawaida aweze kuhama, vilihitajika vitu viwili: programu za kazi za ofisi na mfumo rahisi kusakinisha. Cha kwanza kilikuja mwaka 2000, kampuni ya Sun Microsystems ilipofungua msimbo wa programu ya ofisi iliyoitwa OpenOffice.org. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Cha pili kilisogea mbele sana mwezi Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipotoa toleo la kwanza la Ubuntu. Jina hilo ni neno la lugha za Kinguni lenye mzizi mmoja na neno la Kiswahili *utu*. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 mradi wa Ubuntu ulituma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba popote duniani. Huduma hiyo ilikuwa na maana kubwa mahali ambapo kupakua faili la megabaiti 700 kulikuwa karibu haiwezekani.

### Afrika Mashariki

Mwaka huohuo wa 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT46 ya Uswidi, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Kazi yake ilikuwa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Matunda yake ya kwanza makubwa yalikuwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka huo. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2004 nia ya kutafsiri programu zake kwa Kiswahili. Kazi ya kutafuta istilahi iliyofanywa wakati huo iliwasaidia waandishi wengi waliofuata, kwa sababu maneno mengi ya kompyuta hayakuwa na visawe vilivyokubalika.

Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichopo Nkozi kilianza kuhamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo katika kanda hii kulifanya jambo hilo kwa taasisi nzima. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2008, wanafunzi wa shule za msingi waligawiwa kompyuta ndogo za mradi wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, zilizotumia Linux. Idadi yake ilizidi 200,000.

Katika sekta ya afya, Tanzania hutumia DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za hospitali, vituo vya afya na zahanati. Katika ramani, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwafundisha wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam kuchora ramani za maeneo yanayofurika kwa kutumia OpenStreetMap na programu huria ya QGIS. Mifano hii inaonyesha kwamba mtu anaweza kutumia programu huria kila siku kazini huku kompyuta yake ikiendelea kuwa na Windows.

## Karatu na Ngorongoro

Wilaya ya Karatu iko kati ya Bonde la Ufa na Hifadhi ya Ngorongoro. Mji wa Karatu upo kwenye barabara ya lami inayowapeleka watalii kwenye lango la hifadhi, na una hoteli, benki na maduka ya steshenari. Lakini ukitoka mjini kuelekea Endabash, Mang'ola au upande wa Ziwa Eyasi, nyumba hutawanyika. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro vijiji vya wafugaji viko mbali zaidi. Kwa miaka mingi shule nyingi za maeneo hayo hazikuwa na umeme wa gridi wala intaneti ya kutegemewa.

Katika miaka ya 2000 shirika lisilo la kiserikali la Powering Potential, lililoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen, lilianza kupeleka kompyuta zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari za Karatu. Miongoni mwa shule za mwanzo ilikuwa Sekondari ya Banjika. Katika miaka ya 2010 shirika hilo lilitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki iliyotoka kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 2012. Raspberry Pi hutumia mfumo uliotokana na Debian, ambao ni usambazaji wa Linux.

Sababu ya kuchagua kifaa hicho inaeleweka kwa hesabu ndogo. Tuchukue kompyuta ya mezani ya zamani ambayo pamoja na kioo chake inatumia wati 100. Raspberry Pi inayotumia wati 5, ikiunganishwa na kioo kidogo cha wati 15, inahitaji wati 20. Chumba cha kompyuta 20 kitahitaji wati 2,000 kwa aina ya kwanza na wati 400 kwa aina ya pili. Zikiwashwa saa 5 kwa siku, hesabu ni uniti 10 kwa aina ya kwanza na uniti 2 kwa ya pili. Kwa anayenunua umeme wa LUKU, tofauti hiyo ni fedha. Kwa anayetegemea paneli na betri, tofauti hiyo huamua kama chumba cha kompyuta kitakuwepo au hakitakuwepo, kwa maana betri ni sehemu ghali ya mfumo wa jua na huchakaa baada ya miaka michache.

Kuna faida ya pili. Raspberry Pi za kawaida zinaweza kufanya kazi bila feni, na diski yake ni kadi ndogo ya kumbukumbu isiyo na sehemu inayozunguka. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Karatu huingia kila mahali, na feni ya kompyuta ya mezani hulivuta ndani na kulijaza kwenye vipoza joto. Hata hivyo kadi ya kumbukumbu ina udhaifu wake: umeme ukikatika ghafla wakati inaandikwa, data yake inaweza kuharibika. Ndiyo maana inafaa shule iwe na kadi ya akiba yenye mfumo kamili, ili mwalimu aichomeke na somo liendelee.

Kukosekana kwa intaneti kulitatuliwa kwa RACHEL, mkusanyiko wa maudhui ya elimu unaotolewa na shirika la World Possible. Mkusanyiko huo huwa na makala za Wikipedia, masomo ya video ya Khan Academy, vitabu na maudhui mengine. Huwekwa kwenye kompyuta moja inayohudumia chumba kizima. Mwanafunzi hufungua kivinjari na kusoma kama yuko mtandaoni, ilhali hakuna bando lililotumika. Programu huria ya Kiwix hufanya kazi inayofanana na hiyo, nayo huwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili yote kwenye flashi.

Leseni huria ndiyo iliyorahisisha mpangilio huu. Kadi moja ikishatengenezwa vizuri, inaweza kunakiliwa mara 20 au mara 200 bila kuvunja sheria na bila kuomba namba ya leseni kupitia intaneti isiyokuwepo.

Wanafunzi wa shule za namna hii hukutana na uhamaji wa upande wa pili. Wamejifunza kwa Linux, kisha wanapoenda chuoni au kuomba kazi mjini wanakuta Windows. Aliyefundishwa kukariri mahali kitufe kilipo huchanganyikiwa. Aliyefundishwa kazi yenyewe, kwa mfano jinsi ya kupanga aya, kutumia fomula katika jedwali au kutunza mafaili kwenye folda, huzoea haraka. Fundisho hilo lina uzito uleule kwa anayehama kutoka Windows kwenda Linux.

## Sababu za kuhama

Umri wa kompyuta. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Linux Mint inahitaji RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na nafasi ya gigabaiti 20. Kompyuta ambayo fundi amesema imezeeka inaweza kufanya kazi miaka mingine kadhaa, hasa ikiongezewa RAM na kubadilishiwa diski kuwa ya SSD.

Sheria na leseni. Nakala za Windows na Microsoft Office zisizo na leseni zimeenea sana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo hulinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na muziki. Shule inayofundisha maadili huku ikitumia programu za wizi imejiweka mahali pagumu. Tena programu za kuvunjia leseni mara nyingi hubeba virusi ndani yake.

Usalama. Virusi vinavyosambazwa kwa flashi ni kero ya kila siku kwenye steshenari na shule. Vingi vya hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviwezi kufanya kazi kwenye Linux. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za Windows katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Nyingi kati yake hazikuwa zimepokea masasisho. Hii haina maana kwamba Linux haina hatari. Mtumiaji anayetoa neno lake la siri kwa matapeli atatapeliwa kwenye mfumo wowote.

Gharama. Kukosekana kwa ada ya leseni ni faida, lakini kuhama kuna gharama zake: muda wa kujifunza, malipo ya fundi na siku ambazo kazi huenda polepole. Anayepanga kuhama kwa kuangalia bei ya leseni peke yake mara nyingi hujikuta amekosea hesabu.

## Hatua za kuhama

Uhamaji unaofanikiwa kwa kawaida hauanzi na mfumo wa uendeshaji. Huanza na programu zinazotumika kila siku, kisha mafaili, na mfumo huja mwishoni.

### 1. Kuorodhesha kazi

Kwanza andika kazi zote zinazofanywa na kompyuta hiyo: barua, matokeo ya mitihani, hesabu za ada, kuchapa, kutazama video, kuomba huduma mtandaoni. Mbele ya kila kazi andika programu inayotumika. Kazi zinazofanyika kwenye kivinjari, kama maombi ya mkopo wa HESLB au usajili wa biashara wa BRELA, hazijali mfumo wa uendeshaji. Kazi zenye programu maalumu ya Windows ndizo zitakazoamua kama kuhama kunawezekana.

### 2. Kubadilisha programu ukiwa bado kwenye Windows

Programu nyingi huria zina matoleo ya Windows pia. Mtumiaji anaweza kuzizoea kwa miezi kadhaa bila kugusa mfumo wake.

| Kazi | Programu iliyozoeleka | Programu huria |
|---|---|---|
| Kuandika nyaraka | Microsoft Word | LibreOffice Writer |
| Majedwali na hesabu | Microsoft Excel | LibreOffice Calc |
| Slaidi | Microsoft PowerPoint | LibreOffice Impress |
| Kivinjari | Microsoft Edge | Firefox |
| Barua pepe | Outlook | Thunderbird |
| Kuhariri picha | Photoshop | GIMP |
| Video na muziki | Windows Media Player | VLC |

### 3. Kutunza mafaili

Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha ifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Hatua hii haina mbadala. Kosa moja wakati wa kusakinisha linaweza kufuta diski nzima, na matokeo ya wanafunzi ya miaka mitano hayarudi kwa kujuta.

### 4. Kujaribu kwa flashi

Linux inaweza kuandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus au Ventoy. Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, kisha kompyuta huwashwa huku ukibonyeza F12, F2, Esc au kitufe kingine kulingana na aina yake. Mfumo hufunguka kutoka kwenye flashi bila kubadilisha chochote kwenye diski. Wakati huo kagua Wi-Fi, sauti, kamera, printa na mwanga wa kioo. Kama kuna kifaa kisichofanya kazi, ni afadhali kujua kabla ya kusakinisha.

### 5. Kukaa na mifumo miwili

Linux inaweza kusakinishwa kando ya Windows, na mtumiaji akachagua anapowasha kompyuta. Njia hii humpa mtu mahali pa kurudi. Kwenye shule yenye kompyuta nyingi ni rahisi zaidi kuanza na kompyuta mbili au tatu za majaribio. Kompyuta ya mwalimu wa taaluma na ya mhasibu huachwa hadi mwisho.

### 6. Kuhama kabisa

Baada ya miezi kadhaa ambayo Windows haijafunguliwa hata mara moja, inaweza kuondolewa. Kwa taasisi ni vizuri kuchagua toleo la muda mrefu. Ubuntu hutoa toleo la aina hiyo kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na hulipatia masasisho ya kawaida kwa miaka 5.

## Vikwazo

Nyaraka kubadilika sura. Hili ndilo lalamiko la kawaida. Barua iliyoandikwa kwa Word hufunguliwa kwa LibreOffice na mistari imesogea, au mtihani wa kurasa 4 umekuwa wa kurasa 5. Mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali za kampuni na hazimo ndani ya Linux, lakini kuna fonti huria za Carlito na Liberation Serif zenye vipimo sawa na hizo. Waraka wa kuchapwa tu upelekwe steshenari ukiwa PDF, kwa sababu PDF hubaki na sura yake.

Programu zisizo na toleo la Linux. Programu za uhasibu kama Tally, majedwali ya Excel yenye makro nyingi, na programu za uchoraji wa majengo kama AutoCAD ni vikwazo vya kweli. Programu iitwayo Wine huwezesha baadhi ya programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, lakini si zote. Ofisi inayotegemea programu ya aina hiyo inaweza kubakiza kompyuta moja ya Windows kwa kazi hiyo tu.

Vifaa. Printa nyingi za HP hufanya kazi vizuri kwenye Linux. Printa za aina nyingine huhitaji kiendeshi ambacho mtengenezaji hakukitoa. Baadhi ya kadi za Wi-Fi nazo husumbua.

Masasisho na bando. Masasisho ya Linux yanaweza kufikia mamia ya megabaiti. Mahali penye intaneti ya bando ni vyema kupakua mara moja na kusambaza kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani.

Vitabu na mafundi. Vitabu vingi vya kufundishia kompyuta hueleza Windows na Microsoft Office, na mwalimu anapotumia Linux hulazimika kuandaa maelezo yake. Mafundi wengi wa mitaani wanaifahamu Windows tu. Kompyuta ya Linux ikipelekwa kwao ikiwa na tatizo dogo, inaweza kurudi ikiwa na Windows isiyo na leseni. Kwa hiyo kila shule inayohama inahitaji angalau watu wawili wanaoujua mfumo, ili mmoja akihamishwa kituo cha kazi chumba kisifungwe.

## Mifano ya nchi nyingine

Mifano miwili ya Ulaya hutajwa mara kwa mara, nayo ina matokeo tofauti.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kazi ilikamilika mwaka 2013, na kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehama. Lakini mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni malalamiko ya wafanyakazi na ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine. Watetezi wa mradi walisema matatizo mengi yalitokana na utawala na siasa, si programu zenyewe.

Jeshi la polisi la Gendarmerie nchini Ufaransa lilikwenda kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2005 lilianza na OpenOffice, kisha Firefox na Thunderbird, huku kompyuta zikiendelea kutumia Windows. Kuanzia mwaka 2008 ndipo liliposakinisha mfumo wake uliotokana na Ubuntu, uitwao GendBuntu. Askari walikuta programu walizokwisha kuzizoea. Kilichobadilika kilikuwa chini yake. Uhamaji huo umedumu, na umefikia makumi ya maelfu ya kompyuta.

## Kiswahili katika mifumo huria

Msimbo ukiwa wazi, jamii yoyote inaweza kutafsiri programu bila kusubiri kampuni ione faida. LibreOffice ina sehemu ya Kiswahili cha Tanzania, na ipo orodha huria ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kazi ya Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton nchini Kenya. Hata hivyo tafsiri hukaa hai pale tu watu wanapoendelea kuifanyia kazi. Toleo jipya la programu huleta menyu mpya, na zisipotafsiriwa mtumiaji hukutana na Kiingereza na Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Jambo OpenOffice lilikuwa tukio kubwa mwaka 2004, lakini kazi yake ilihitaji wafasiri wa kila mwaka. Wanafunzi wa lugha na wa kompyuta wanaweza kujitolea katika kazi hii wakiwa popote penye intaneti.

## Tazama pia

- Linux
- Ubuntu
- LibreOffice
- Raspberry Pi
- Programu huria
- Wilaya ya Karatu